Makumbusho ya Sayansi na Viwanda: Maswali Ninayoulizwa Lamu

Kazi yangu ni kutembeza watu mjini: wanafunzi asubuhi, wageni jioni jua likishapoa. Siku moja nimekaa na vijana barazani, pale pwani, nikaropoka kwamba Chicago, Marekani, kuna makumbusho yenye mgodi wa makaa ya mawe na nyambizi nzima ndani yake. Tangu hapo sina raha. Nikienda msikitini naulizwa, nikienda kununua mkate naulizwa. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu, ili nikikamatwa tena nimpe mtu simu asome mwenyewe.

## Mambo ya mwanzo

Makumbusho ya sayansi na viwanda yana tofauti gani na haya yetu ya Lamu?

Makumbusho ya Lamu, yaliyofunguliwa 1971 katika lile jumba la ghorofa linalotazama bahari, yanahifadhi. Unaiona siwa ya Pate, lile baragumu kubwa la pembe za ndovu, unaona vitanda, milango, vielelezo vidogo vya vyombo vya baharini, na unaelezwa kila kitu kilikuwa cha nani na kilitumika lini. Siwa huipigi. Kitandani hulali.

Makumbusho ya sayansi na viwanda huanza na swali lingine: kitu hiki kinafanyaje kazi? Ndiyo maana injini hukatwa ubavu ili uone pistoni ikipanda na kushuka. Mgeni hupewa kitufe cha kubonyeza, mpini wa kuzungusha, kamba ya kuvuta. Vitu vyao huharibika mara kwa mara, na mafundi wao wana kazi usiku na mchana. Katika makumbusho ya aina ile, kitu kisichoharibika kamwe huenda hakuna anayekigusa.

Basi kwa nini yaitwe makumbusho?

Hapo lugha imetupiga chenga. Neno letu limetoka kwenye kukumbuka, na mtu wa Lamu akilisikia anawaza vitu vya marehemu. Waanzilishi ninaowataja hapa walitaka mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani aione mashine ambayo baba yake anaiendesha leo hii, aielewe kuliko baba yake, na kesho aibuni iliyo bora zaidi. Hapo hakuna cha kukumbushwa. Mimi ningeyaita maonyesho ya kudumu, lakini neno limeshakaa, na neno lililokaa halitolewi na mtu mmoja.

Wazo lilianzia wapi?

Chicago haikuwa ya kwanza, na wenyewe hawakudai hivyo. Paris mwaka 1794, katikati ya mapinduzi yao, padri mmoja mwanasiasa aliyeitwa Grégoire alilishawishi bunge lianzishe taasisi ya kukusanya mashine na zana, ambamo mafundi wangefundishwa kwa kuonyeshwa. Hadi leo makumbusho yake yamo katika majengo ya iliyokuwa nyumba ya watawa.

London walipitia njia nyingine. Maonyesho Makuu ya 1851 yaliingiza faida, faida ikanunua ardhi South Kensington, na mwaka 1857 makumbusho yakafunguliwa huko. Sehemu ya sayansi ilijitenga na kusimama peke yake mwaka 1909.

Lakini mzazi halisi wa Chicago ni München, Ujerumani. Huko mhandisi wa umeme aitwaye Oskar von Miller alianzisha mwaka 1903 makumbusho ya kazi bora za sayansi na ufundi. Huyu ndiye aliyesimamia jaribio la 1891 la kusafirisha umeme kilomita 175, kutoka Lauffen hadi Frankfurt, wakati wengi hawakuamini kwamba umeme unaweza kwenda mbali hivyo. Mtu wa namna hiyo huoni ajabu akitaka vitu vizunguke. Na jengo lake liko kisiwani, katikati ya mto Isar. Kisiwa hicho kiliitwa Kisiwa cha Makaa. Watu wa hapa nikiwaambia hivyo wanapenda sana, kana kwamba visiwa vyote ni ndugu.

## Chicago ilivyoanza

Nani aliyaanzisha makumbusho ya Chicago?

Julius Rosenwald. Alizaliwa mwaka 1862 Springfield, Illinois, mtoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Ujerumani. Shule ya sekondari hakuimaliza. Alipelekwa New York kujifunza biashara ya nguo kwa wajomba zake. Baadaye akawa mkuu wa Sears, Roebuck, kampuni iliyouza kila kitu kwa katalogi na posta. Mkulima wa mbali kabisa angeandika barua na kuletewa cherehani, jembe au viatu.

Wamarekani wengi humjua kwa jambo jingine: akishirikiana na Booker T. Washington, mwalimu mweusi mashuhuri, alisaidia kujenga shule zaidi ya 5,000 kwa ajili ya watoto weusi wa majimbo ya Kusini, wakati serikali za huko zilikuwa zikiwanyima. Masharti yake yalikuwa kwamba wenyeji nao wachange, pesa au nguvu, na serikali ya mahali itie mkono. Kwetu tungeiita harambee, miaka mingi kabla ya neno hilo kuwa la serikali.

Ni kweli kwamba yalianza kwa sababu ya mtoto?

Ni kweli, na ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote hapa. Mwaka 1911 Rosenwald alikuwa München na familia yake. Mwanawe William, mvulana wa miaka minane, alipoingia kwenye yale makumbusho ya von Miller hakutaka kutoka. Alibonyeza vitufe, akazungusha mipini, akatazama mashine zikiamka. Baba alikaa akimtazama mtoto kuliko alivyozitazama mashine, na akarudi nyumbani na wazo.

Mjuzi mmoja hapa mjini hunikosoa: jengo la kisiwani lilifunguliwa 1925, sasa mtoto aliingia wapi 1911? Swali zuri. Tangu 1906 makumbusho yalikuwa na maonyesho ya muda katika jengo la kuazima mjini humohumo. Mtoto alivutiwa na makumbusho yaliyokuwa bado hayana nyumba.

Mbona ilichukua miaka mingi hivyo baada ya 1911?

Vita vya Kwanza viliingilia kati, na Rosenwald mwenyewe alikuwa na kampuni ya kuendesha. Alianza kulisukuma jambo rasmi mwaka 1921, kwa kuwaandikia wafanyabiashara wenzake wa mji. Mwaka 1926 ndipo alipotoa ahadi ya dola milioni 3, na taasisi ikasajiliwa. Kuhusu pesa zilizofuata, tazama swali la gharama huko chini.

Jengo lilijengwa kwa ajili ya makumbusho?

Hapana. Lilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1893, Chicago ilipoadhimisha miaka 400 ya safari ya Columbus (kwa kuchelewa mwaka mmoja). Majengo makubwa ya maonyesho yale mengi yalikuwa meupe, mji mzima wa majumba makubwa kando ya Ziwa Michigan, na karibu yote yalikuwa ya uongo: mifupa ya mbao na chuma, juu yake lipu iliyochongwa ionekane kama marumaru. Maonyesho yalipokwisha, mengine yakaungua, mengine yakabomolewa.

Moja lilibaki. Jumba la Sanaa, lililochorwa na Charles Atwood, lilijengwa kwa matofali chini ya ile lipu, kwa sababu waliokopesha michoro na sanamu zao hawakukubali ziwekwe kwenye nyumba ya kushika moto. Woga wa wenye mali ndio uliolinusuru jengo. Likakaliwa na makumbusho ya viumbe na mila mpaka 1920, kisha likaachwa, na lipu ikaanza kubanduka.

Anayeishi Lamu hahitaji picha. Pita uchochoro wowote nyuma ya barabara ya madukani, utaona ukuta ambao chokaa imeanguka na mawe ya matumbawe yako wazi, meusi kwa mvua, na mchicha pori umeota juu. Jumba la Chicago lilifika hapo, isipokuwa lao lilikuwa kubwa mara mia. Walichofanya ni kulivua lile koti la lipu na kulivisha mawe halisi ya chokaa, umbo likibaki lilelile. Ukiliona leo unaona jumba la 1893, lakini jiwe unalogusa ni la miaka ya ukarabati.

Yalifunguliwa mwaka gani hasa?

Ukisoma 1926, hiyo ni ahadi na usajili. Ukisoma 1933, huo ni mwaka ambao milango ilifunguliwa kwa umma, wakati Chicago ilipokuwa na maonyesho mengine ya dunia. Ukisoma 1940, hapo ndipo kazi ya kufungua sehemu baada ya sehemu ilipokamilika. Akikuuliza mtu kwenye mtihani, jibu 1933.

Rosenwald hakuuona mwaka huo. Alifariki Januari 1932.

Kitu cha kwanza kuonyeshwa kilikuwa nini?

Mgodi wa makaa ya mawe, na bado upo. Ndani ya jumba walijenga mnara wa mgodi. Mgeni huingia kwenye lifti ya wachimbaji, giza, mtikisiko, kelele za chuma, kisha hushuka na kupanda kitreni kidogo kinachompitisha mbele ya mashine za kuchimbia. Mtumishi huonyesha jinsi wachimbaji walivyopima gesi ya hatari. Vifaa ni vya kweli, vya mgodini. Mwamba ndio wa kutengenezwa.

Mbona makaa, na sio umeme au ndege? Illinois ni nchi ya makaa ya mawe. Treni za Chicago, viwanda vyake, majiko yake, vyote vilikula makaa, lakini ni wangapi mjini waliowahi kuona yanakotoka? Walianza na kile kilichokuwa chini ya miguu ya watu.

## Pesa na majina

Yaligharimu kiasi gani, na nani alilipa?

Rosenwald aliahidi dola milioni 3, na mwisho wa yote familia yake ilikuwa imetoa zaidi ya milioni 5. Mamlaka ya bustani za umma nayo ilitoa hatifungani, yaani ilikopa kwa umma, za dola milioni 5 za kulikarabati jengo. Kwa maneno mengine, tajiri alitia vitu na mji ukatia nyumba.

Kisha Mdororo Mkuu wa 1929 ukapiga. Hisa za Sears zikaporomoka, na ahadi iliyokuwa nzito ikawa nyepesi. Ndiyo sababu kubwa ya kufungua kidogo kidogo.

Kwa nini hayakuitwa jina la Rosenwald?

Mwanzo yaliitwa hivyo, mwaka 1926. Yeye mwenyewe akakataa. Aliona kwamba makumbusho yenye jina la mtu mmoja watu watayaacha yawe mzigo wa mtu mmoja, ilhali alitaka mji uyaone ni yake. Baada ya miaka michache jina likabadilishwa kuwa la sayansi na viwanda.

Kuna jambo linalowashangaza sana wazee wa hapa. Sisi tumezoea wakfu: shamba la minazi au nyumba inawekwa, haiuzwi wala hairithiwi, na msikiti unakula humo hadi siku ya Kiyama. Rosenwald aliamini kinyume. Mfuko wake wa hisani aliuwekea sharti kwamba pesa zote, hadi mtaji wenyewe, ziwe zimetumika ndani ya miaka 25 tangu kufa kwake. Ulifungwa 1948, kabla hata muda haujaisha. Alisema kila kizazi kina shida zake na kitapata matajiri wake. Mzee mmoja niliyemsimulia aliguna tu, "Huyo hakuwa na wajukuu wa kugombania."

Mbona sasa yana jina la tajiri mwingine?

Mwaka 2019 mfadhili Kenneth Griffin aliahidi dola milioni 125, na tangu 2024 jina lake limewekwa mbele. Ukilinganisha na jibu lililotangulia utaona kichekesho chenyewe, sina haja ya kuongeza.

Makampuni ndiyo yanayoamua kionyeshwe nini?

Kuna wakati yalikuwa karibu yaamue. Mwaka 1940 aliingia mkurugenzi Lenox Lohr, aliyetoka kwenye redio, akayakuta makumbusho hayana pesa. Akayaalika makampuni yajenge na kulipia maonyesho yao yenyewe. Makumbusho yakapata uhai, umati ukaja, na kuingia kukabaki bure mpaka 1991. Bei yake ilikuwa kwamba mwenye kiwanda ndiye aliyekuwa akisimulia habari za kiwanda chake. Jiulize kama mwenye mgodi atajenga chumba cha kuonyesha wachimbaji waliokufa. Hata hivyo siwezi kumlaumu Lohr sana. Nimeona makumbusho mengine yenye msimamo safi na taa zilizokatwa.

## Maswali ya pembeni

Nyambizi ilifikaje kwenye mji usio na bahari?

Hili ndilo swali namba moja la mabaharia. Nyambizi hiyo ni U-505 ya Wajerumani, ya urefu wa karibu mita 77. Wanamaji wa Marekani waliiteka ikiwa nzima tarehe 4 Juni 1944, mbali kidogo na pwani ya Afrika Magharibi. Aliyeongoza kikosi, Daniel Gallery, alikuwa mtoto wa Chicago, na vita vilipokwisha na chombo kikawa kinangoja kuzamishwa, mji wake ukakiomba.

Mwaka 1954 ikavutwa kwa maji kupitia maziwa makuu hadi ufuo wa Chicago. Kutoka hapo ikabidi ivushwe barabara kubwa ya magari, usiku, juu ya rola za kubiringisha. Waliowahi kupweleza jahazi kwa magogo na kamba wanajua raha na hofu ya kazi hiyo. Ikakaa nje, juani na kwenye theluji, miaka 50, kutu ikiila, mpaka 2004 ilipoingizwa katika ukumbi uliochimbwa chini ya ardhi.

Haya ndiyo yale ya Manchester?

Siyo, ingawa majina yanafanana. Ya Manchester, Uingereza, yalianza 1969, na tangu 1983 yapo katika kituo cha treni cha Liverpool Road, kilichofunguliwa 1830 kwa reli ya Liverpool na Manchester. Nao walichukua jengo kuukuu na kulipa kazi mpya.

Sisi watu wa pwani tunahusiana vipi na haya yote?

Kwa mengi kuliko unavyodhani. Uliza bibi yako kuhusu merikani, ile bafta nzito isiyotiwa rangi. Jina limekuja na mzigo: katika karne ya 19 meli za Marekani zilileta nguo za viwanda vya kwao hadi Unguja, zikarudi na pembe na ngozi. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka 1861, pamba ikakatika na nguo za Uingereza na India zikachukua soko. Jina halikuondoka.

Na kama unataka sayansi kubwa, nenda Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Pale baharini zipo zile nguzo za San Marco, jukwaa la kurushia roketi lililojengwa na Waitaliano wakiongozwa na mhandisi Luigi Broglio katika miaka ya 1960, karibu na ikweta kwa sababu mzunguko wa dunia huko huipa roketi msukumo wa ziada. Kati ya 1967 na 1988 zilirushwa setilaiti tisa. Moja ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kutazama eksirei zitokazo angani, na iliorodhesha vyanzo zaidi ya 300. Mvuvi wa Ngomeni aliyekuwa na nyavu zake asubuhi ile aliona kitu ambacho Chicago hawana.

Lamu tunaweza kuwa na ya kwetu?

Nitakusimulia niliyoyaona Matondoni. Jahazi lilikuwa mchangani, mkuku umelazwa na mataruma yamesimama, ubao wa tatu unapigiliwa. Fundi alikuwa akitoboa kwa keekee, ile ya kuzungushwa kwa upinde, na mvulana wa jirani, wa miaka tisa au kumi, akasogea. Fundi akampa upinde avute. "Polepole, mwanangu, usiulazimishe." Kila tundu lilikuwa jembamba kuliko msumari, na msumari ulizungushiwa pamba yenye mafuta kabla ya kupigwa.

Mtoto akauliza: mbona usipigilie moja kwa moja, uokoe wakati? Fundi hakujibu. Akaokota kipande cha ubao, akampa nyundo na msumari. Mtoto akapiga mara tatu, na ubao ukapasuka toka mwanzo hadi mwisho. Fundi akacheka, akamrudishia upinde. Kisha wakaenda kwenye kukalafati, mtoto akisokota pamba na fundi akiisukuma kwenye mwanya kwa patasi, na nilipoondoka walikuwa wanazungumza habari za deheni, mafuta ya kupaka chombo.

Kijana William huko München hakupata zaidi ya hayo. Mwaka 1933 Chicago walilazimika kutengeneza mwamba wa bandia. Hapa hakuna cha kuigiza. Kinachokosekana ni mtu wa kulipia ubao unaopasuliwa, na ruhusa ya kugusa. Ruhusa ndiyo ngumu. Niliwahi kupeleka darasa katika makumbusho moja ambayo siitaji, mwanafunzi akagusa tanga la kielelezo kwa kidole kimoja, tukatolewa sote.

Nyumba hazikosekani. Ngome yetu ilianza kujengwa karibu 1813 na kumalizika 1821, ikawa gereza hadi 1984, na leo watoto wanasoma vitabu ndani yake. Jengo lililowahi kuwa gereza halishindwi kuwa karakana.

Wewe umefika Chicago?

Bado. Ukitangulia, shuka mgodini mapema kabla foleni haijawa ndefu, halafu nirekodie sauti ya ile lifti.